Daftari la marehemu baba (hoteli ya samaki, Tanga): nani anazijua alama hizi?

binti_ngamiani ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Baba yangu amefariki. Arobaini tumeisoma wiki mbili zilizopita. Wengi mliopita Tanga miaka hii huenda mmekula kwake bila kumjua jina, maana hoteli haikuwahi kuwa na kibao. Watu walisema "kwa Mzee, chini ya mkungu", na aliyeelekezwa hivyo alifika. Meza sita, mabenchi ya mvule, mtungi wa maji mlangoni na kata yake. Alifungua mwaka 1982. Mwaka huu, jioni ya Alhamisi, alifunga mlango kama kawaida, akalala, na alfajiri hakuamka.

Ninayoyajua ya mwanzo wake ni machache. Alizaliwa Kigombe. Babu alikuwa mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa wa papa, na alitaka mwanawe amrithi, lakini bahari ilimkataa baba. Alitapika hata maji yakiwa shwari. Akapelekwa shamba la mkonge upande wa Muheza kuwa kijana wa jikoni nyumbani kwa meneja, na huko ndiko alikojifunza kisu. Siku zile mkonge ndio uliokuwa ukiilisha Tanga yote. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye hazikufika hata 50,000. Majiko ya mameneja yakazimwa moja moja, la kwao nalo likazimwa, baba akaja Ngamiani, hapa Tanga mjini, na sufuria mbili na kile kisu.

Hakuwa mtu wa hadithi. Ukimwuliza ya zamani alikujibu, "Niletee ndimu." Mama aliolewa naye 1987 na anasema alikuta kila kitu kimeshapangwa, hata yeye hajui kilipangwaje. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Nina maswali matatu.

La kwanza: kwa nini hakukaanga? Mji mzima huu samaki anakaangwa. Baba hakuwa na karai. Alibanika, alipaka, alipika mchuzi, basi. Mteja akitaka wa kukaanga alimwonyesha kwa jirani na kumwambia kweli kabisa, "Yule anakaanga vizuri."

La pili ni daftari. Lina jalada gumu, kuanzia 1991 hadi 2009. Tarehe, aina ya samaki, kilo, fedha. Baba hakusoma sana, kwa hiyo wavuvi aliwaandika kwa picha: kasia, jogoo, nyota, nanga. Pembeni ya tarehe kuna duara jeupe, au duara lililojazwa wino, au nusu duara. Halafu kuna eksi nyekundu. Eksi karibu zote ni za mtu mmoja, yule wa nanga, tangu 1996. Katikati ya 1998 zinakoma ghafla na hazirudi tena.

La tatu ni la jikoni. Nimejaribu samaki wake wa kupaka mara tisa. Tui linakatika, na hata lisipokatika ladha si ile. Ninatumia nazi zile zile, ukwaju ule ule, na changu ninanunua mwenyewe alfajiri pale Deep Sea wanaposhusha samaki.

Ndugu zangu wanataka tuipangishe fremu. Sina ugomvi nao. Mimi nataka kufungua tena, lakini sitaki kufungua kitu kingine na kukiita cha baba.

---

karani_wa_bandari amejibu:

Pole sana, mwanangu. Mungu amweke mahali pema. Nimekula kwa baba yako tangu mwezi wa kwanza aliofungua, wakati huo nikiwa karani bandarini, kwa hiyo swali la kwanza niachie mimi.

Karai lilikuwapo. Nimeliona kwa macho yangu, kubwa, la chuma. Alianza kwa kukaanga kama wenzake wote. Wewe hukuwapo, ila waulize wakubwa wako hali ilikuwaje baada ya vita vya Kagera. Sabuni foleni, sukari foleni, unga foleni. Mafuta ya kula yakifika RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa, habari inatembea mtaani kabla lori halijazima injini, na ukifika umechelewa. Mwaka 1983, ile kampeni ya wahujumu uchumi ilipoanza, mtu mwenye madumu mawili ya mafuta nyuma ya nyumba alilala na hofu hata kama aliyanunua kwa haki yake. Baba yako alikuwa nayo mawili. Aliyagawa kwa majirani usiku mmoja, kibaba kibaba, akalitundika karai ukutani.

Kesho yake tulikuta samaki wa kubanika na bakuli la tui. Nazi haikuwa na foleni, mwanangu. Nazi ilikuwa inaanguka yenyewe Pongwe na Kigombe. Mchele ukikosekana alitupikia bada la muhogo, na mimi mpaka leo changu wa kupaka kwa wali naona kama kimepungua kitu.

Miaka ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mafuta yalirudi tele madukani. Nilimwambia sasa lishushe karai. Akaniambia watu wameshazoea nazi, na yeye ameshazoea kulala usingizi. Nadhani karai alimpa yule jirani.

---

mtanga_muscat amejibu:

Dada yangu, nimesoma nikiwa kazini na imebidi nitoke nje kidogo. Mimi ni mmoja wa vijana waliokuna nazi kwa Mzee, 2003 hadi 2008. Sasa napika huku Muscat, na chochote ninachojua cha samaki ni chake.

Nikuulize: unabanika kwa nini? Ukinijibu mkaa, tumepata nusu ya jawabu. Mzee hakutumia mkaa kwa samaki wa kupaka. Alitumia vifuu. Kila nazi iliyokunwa kifuu chake kilianikwa juu ya bati, na kilipokauka kabisa ndipo kikaingia jikoni. Moto wa vifuu unawaka kwa nguvu, unatoa mafuta yake, na ule moshi ndio ladha unayoitafuta. Mkaa utamwivisha samaki wako vizuri, ila hautampa kitu hicho.

Sasa tui. Najua unapokosea kwa sababu mimi nilikosea hapo miezi mitatu na alinirudisha kwenye mbuzi kila mara. Tui la kwanza, lile zito, likae pembeni usiliguse. Ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili vichemke kwenye tui la pili mpaka lipungue, na chumvi uitie hapo. Ndipo uliteremshe moto na kulimimina tui zito, na kuanzia hapo upawa usitoke mkononi. Koroga upande mmoja. Usijibu simu, usimsalimie mtu. Likianza kufurukuta pembeni epua. Likichemka kwa nguvu limekatika, na hakuna dawa.

Na samaki hapakwi mara moja. Mbanike kwanza bila kitu, chumvi na ndimu tu, mpaka ngozi ikauke. Pakaa, rudisha motoni, pakaa tena. Mzee alipaka mara nne. Ya mwisho alimpaka akiwa tayari kwenye sahani.

Kuna siku za mbilimbi pia. Ukwaju ukiwa wa zamani, mweusi sana, aliuacha akatwanga mbilimbi. Zile siku wateja walisema leo kuna kitu, na hawakujua ni nini.

---

binti_ngamiani amejibu:

Kaka yangu wa Muscat, ni mkaa. Ni mkaa miaka yote tangu baba alipougua mgongo, maana vifuu mimi nilikuwa nauza kwa gunia nikidhani takataka. Nimesoma jibu lako mara tatu na mama amekaa hapa pembeni anatikisa kichwa, anasema "kweli, vifuu."

Karani, asante, baba. Hilo la mafuta hakuna mtu nyumbani aliyelijua.

---

mvuvi_mstaafu amejibu:

Mwanangu, ninamwambia mjukuu aandike, macho yangu hayaoni simu. Jana amenisomea swali lako nikanyamaza usiku kucha.

Alama za duara ni mwezi. Duara jeupe ni mwezi mpevu, la wino ni mwezi mwandamo, nusu ni nusu. Baba yako alichukua samaki kwa kuhesabu mwezi ingawa hakupanda ngalawa. Mpevu na mwandamo ni bamvua, maji yanatoka mbali, mwamba unakauka, watu wanashuka na vijiti. Hapo alinunua pweza na siku nyingine hakumgusa, hata uje naye bado anatembea. Usiku wa giza ni dagaa wa taa. Maji mafu, mkondo umelegea, ni siku zetu za mshipi: changu, tasi, chewa. Ukiangalia daftari utaona pweza amekaa kwenye duara tu.

Sasa nanga. Nanga ni mimi.

Nilivua kwa baruti. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kujificha, sheria nilijua inakataza, na tulikuwa wengi. Unarusha, unasubiri, unazamia kuokota. Nusu ya saa unapata cha siku mbili, na samaki wengi zaidi wanazama chini wanaoza. Nilimpelekea baba yako changu wazuri kwa macho. Alimshika mmoja kichwani na mkiani akamkunja. Samaki wa mshipi uti wake unakataa. Wa kwangu alikunjika kama kitambaa. Akampasua mbele yangu, akanionyesha damu imevia kando ya uti, kifuko cha hewa kimepasuka, nyama imeachana na mifupa. Hakunikaripia. Hakuniitia polisi. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika, akaniambia, "Huyu sitamlisha mtu." Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, nikiwachanganya na wa mshipi. Alimshika kila mmoja. Karibu miaka miwili, mwanangu, na kila eksi unayoiona hapo ni asubuhi moja nimesimama chini ya ule mkungu watu wakiniangalia.

Ndugu yangu wa tumbo moja baruti lilimchukua mkono wa kulia. Hilo halikunitoa. Kilichonitoa ni kusi ya 1998. Mwaka ule maji yalikuwa yamepata joto, matumbawe yakageuka meupe sehemu nyingi, na miamba tuliyokuwa tukiipiga sisi ilikuwa imeshakuwa vifusi siku nyingi. Tulitoka siku kumi na moja tukirudi na maji ndani ya ngalawa. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwa baba yako mikono mitupu, bila hata kujua naenda kusema nini. Alinipa bada na mchuzi. Nilipomaliza aliniwekea mezani shilingi 60,000 za madema na mishipi. Nikamwuliza nitailipaje. Akasema, "Kwa samaki asiyekunjika."

Tafuta Julai au Agosti ya mwaka huo. Panapaswa kuwa na nanga imepigiwa mstari chini. Nilimlipa kidogo kidogo mpaka 2001, na siku ya mwisho aliufuta ule mstari kwa wembe, nikiwapo.

Kitu kingine, maana huenda hakuwaambia. Mwaka 2004 jarife la wenzangu kule Kigombe lilipandisha silikanti, samaki mkubwa ana mapezi kama viganja. Hatukumjua. Tukampelekea baba yako, tukidhani ni chewa wa ajabu. Alikata kipande kidogo, akakibonyeza, mafuta yakatoka kama ya taa. Akasema huyu si wa sufuria, mpelekeni kwa watu wa uvuvi. Wengine waliendelea kunaswa baada ya huyo, na mwaka 2009 eneo lile likawa hifadhi ya bahari ya silikanti. Baba yako alifurahi siku ile kuliko siku ya kuuza.

Miamba inarudi, mwanangu. Tangu msako ule wa 2015 baruti hatuisikii kama zamani. Mwaka jana mjukuu wangu alipata tasi mahali ambapo mimi niliacha kutupa mshipi.

---

binti_ngamiani amejibu:

Mzee wangu, shikamoo.

Nimefungua ukurasa. Tarehe 14 Agosti 1998, nusu duara, nanga, 60,000. Chini ya nanga karatasi imechubuka, imekuwa nyembamba mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Sote tulidhani ni panya.

Mama anasema siku hiyo ya 60,000 anaikumbuka, kwa sababu ilikuwa fedha ya bati la jikoni, na masika yaliyofuata walipikia chini ya turubai. Baba alimwambia bati limepanda bei.

Vifuu vimeanikwa tangu jana. Bamvua inaanza Jumamosi. Mwambie mjukuu kama ana pweza ninamchukua, na kama ana tasi nitamkunja kwanza.