Primeval: Claudia Brown kapotelea wapi?

Wakuu nimemaliza sizoni ya 1 ya hii tamthilia ya Uingereza, Profesa Cutter anatoka kwenye anomali (lango la kwenda zama nyingine) anamuulizia mwenzake Claudia, kila mtu anasema hamjui. Amekufa au?

Jibu 1: Hajafa mkuu, kwenye historia mpya hayupo kabisa. Kina Cutter walienda enzi ya Permiani (zamani sana, kabla ya dinosaria) na vitoto vya yule mnyama wa wakati ujao, mambo yakavurugika huko huko, sizoni ya 2 utamkuta Jenny Lewis, sura ileile maana mwigizaji ni yuleyule Lucy Brown.

Jibu 2: Ile sura ya Douglas Henshall (anayeigiza Cutter) anapogundua, aisee inauma mpaka leo!! We endelea tu, kituo cha TV cha ITV waliisitisha 2009 baada ya sizoni ya 3 ila ikarudi 2011.

Muulizaji: Shukrani wakuu, naanza sizoni ya 2 usiku huu.