Likizo ndefu, watoto wawili, simu moja: nifanye nao nini huko nje?

MamaWawili
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 6. Likizo ndefu imeanza wiki iliyopita, jua limetoka vizuri, wao wamejifungia ndani wanagombania simu. Juzi niliwatoa nje kwa nguvu. Dakika kumi hazijaisha, hao mlangoni: "Mama, tumemaliza kucheza." Nataka washinde nje na wajifunze kitu, ila nisiwafungulie darasa lingine. Nilitengeneza ratiba ya rangi nikaibandika ukutani. Siku ya tatu mdogo kachora paka juu yake. Kambi za kulipia sina uwezo nazo. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Kijiti
Pole dada, na huyo mchora paka mpe hongera zake. Kilichokuponza ni ratiba. Mpe mtoto swali moja ambalo jibu lake halipatikani siku hiyohiyo, uone kama hatarudi nje mwenyewe.

Mkubwa wako mwanzishie kivuli. Chomekeni kijiti wima mahali pa wazi, kila nusu saa aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Kabla hajaanza mwulize: kivuli kitakuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi? Wangu alijibu kwa kujiamini, saa sita kamili. Akakuta ni saa sita na dakika ishirini na kitu. Akasema saa yetu mbovu. Kesho yake karudia, vilevile. Hapo ndipo aliponiuliza, na mimi nikamweleza kwamba saa ya ukutani inafuata ukanda mzima wa masaa, yaani eneo pana ambalo saa zote zinasoma sawa, jua halina habari na ukanda. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo hata ndani ya ukanda mmoja adhuhuri haiwafikii watu wote kwa pamoja.

Jioni msimulie Eratosthenes, msomi wa kule Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Aliambiwa kuna mji wa kusini ambako siku moja ya mwaka, jua la adhuhuri linamulika hadi ndani ya kisima na vitu havina kivuli. Kwao Alexandria siku hiyo kivuli kilikuwepo, pembe yake nyuzi 7 na kidogo, yaani sehemu moja ya 50 ya duara. Akachukua umbali wa miji hiyo miwili akazidisha mara 50, akapata mzunguko wa dunia. Wangu hakulala mapema siku hiyo.

Bibi_Wajukuu5
Nakazia. Ila wasilitazame jua lenyewe hata sekunde moja, macho hayana spea. Kofia na maji ya kunywa pia.

Mzururaji
Huyo wa miaka 6 mpeleke kwa sisimizi, wale wasiouma. Akipata msafara wao ukutani au kwenye saruji, apitishe kidole kilicholowa maji kukata njia mara moja tu, kisha achuchumae atazame. Wa mbele wanasimama, wanapapasa kwa vipapasio, wanarudi nyuma, wengine wanazunguka hovyo. Wanafuata harufu ambayo wenzao wameiacha chini, na kidole kimeifuta. Baada ya muda mmoja anabahatisha kuvuka, wa pili naye, msafara unaungana. Mwanangu alikaa hapo hadi miguu ikafa ganzi.

Baba Pacha
Samahanini, naona mnageuza likizo kuwa maabara. Mtoto aachwe achafuke, apande mti, achoshwe na uvivu. Sisi nani alitupa kijiti?

Kijiti
Mkuu, uko sahihi nusu. Ndiyo maana sijataja daftari. Ukishamwambia "andika ulichojifunza", umeshaharibu. Asipotaka kijiti, apande mti.

Udongo_Mwekundu
Chupa angavu yenye mfuniko, udongo theluthi moja, maji hadi karibu na shingo, watikise mpaka wachoke. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini linafuata baada ya saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuelea hadi kesho au zaidi. Wachukue udongo sehemu tatu tofauti, chupa wazipange dirishani. Siku ya mvua ya radi wawe ndani: wahesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja.

MamaWawili
Narudi na mrejesho wa siku mbili. Jana vijiwe vyote vya kivuli vilitoweka. Mdogo alivibeba kuwajengea sisimizi daraja. Wamepigana, ila wamepigana nje, na simu ilikuwa mezani tangu asubuhi. Kijiti, nina swali: chetu ni kirefu kama fimbo ya ufagio, saa mbili asubuhi kivuli kimepanda ukutani. Tufanyeje?

Kijiti
Kikateni kifike gotini kwa mdogo. Kikiwa kirefu, hata ncha ya kivuli inakuwa na ukungu, mtoto hajui kijiwe akiweke wapi. Na huyo wa daraja mpe vijiwe vyake.