Boksi linasema Tokyo 1942, ndani wametupakia B-25J. Huu ni utapeli!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Nani mwingine hapa amenunua ile seti mpya ya plastiki ya kuunganisha mfano wa B-25, ndege ya mabomu ya Wamarekani, ya kipimo cha 1/48 (mara 48 ndogo kuliko ndege halisi), yenye picha ya ndege inaruka kutoka sitaha ya meli ya kubeba ndege, USS Hornet? Kampuni siitaji, walioshika boksi wanaijua. Juu wameandika kwa herufi za kutosha: shambulio la Doolittle, 18 Aprili 1942, siku Wamarekani wakiongozwa na Doolittle walipoipiga Tokyo kwa mabomu. Na picha ni nzuri kwelikweli. Bahari imechafuka, gurudumu la kushoto limekanyaga ule mstari mweupe waliochorewa marubani sitahani ili bawa la kulia lisigonge mnara wa meli. Aliyechora alisoma. Aliyejaza boksi sijui alikuwa wapi.

Nimefungua, cha kwanza kunitazama usoni ni tundu la kibanda cha bunduki cha juu, liko nyuma tu ya chumba cha marubani. Hapo hapo nikajua nimepigwa. Ndege za Doolittle zilikuwa B-25B (herufi ya mwisho ndiyo toleo), na kwenye B kibanda hicho kiko nyuma ya mabawa, kuelekea mkiani. Kukisogeza mbele ni mambo ya H na J, na hizo hazikuwepo kabla ya 1943!

Nikageuza mkia. Chumba kamili cha mpiga bunduki, na mitutu yake miwili. Jamani! Mkiani mwa ndege zile hapakuwa na bunduki hata moja. Walichomeka mipini ya fagio iliyopakwa rangi nyeusi, ili rubani wa Kijapani akija kwa nyuma adhani anaelekezewa mtutu. Hicho ndicho kisa kinachomfanya mtu anunue hii ndege badala ya nyingine, na wao ndicho walichokifuta.

Ghala la mabomu nalo vituko. Wamelijaza mabomu hadi juu. Zile ndege zilibeba mabomu manne tu, ya ratili 500 kila moja, kwa sababu nafasi iliyobaki ilikuwa ya mafuta. Kibanda cha bunduki cha chini kiling'olewa likawekwa tangi, ghalani tangi jingine, na mafuta yakapanda kutoka lita kama 2,400 hadi 4,300 na zaidi. Kile kipimo cha kulengea mabomu cha Norden kilitolewa kisije kikaangukia mikononi mwa adui, wakaweka kibati cha alumini alichobuni Kapteni Greening, kilichogharimu senti 20. Hawa wenzetu wametupa Norden. Kibati cha senti 20 kimewashinda!

Stika za maji, zile za alama unazolowesha ndipo ubandike, ndizo zilizonimaliza kabisa. Aprili 1942 nyota ya Wamarekani ilikuwa na duara jekundu katikati. Iliondolewa mwezi uliofuata, ili ndege zao zisifananishwe na za Japani. Sasa karatasi niliyoletewa ina nyota yenye vibawa vyeupe pande zote mbili, alama iliyoanza Juni 1943. Yaani ndege imefika Tokyo ikiwa na alama za mwaka mmoja mbele.

Tuache historia, tuje kwenye plastiki yenyewe, maana kuna watakaosema mimi ni mshamba wa kuhesabu ribiti. Pua ya B-25 hii ni kioo kitupu, ndiyo sura ya ndege. Yangu ina mshono wa kalibu unaopita katikati ya kidirisha anachochungulia mlenga mabomu, na pembeni yake kipovu kidogo kama kichwa cha pini. Mshono utaondoka kwa msasa laini na dawa ya kung'arisha, sawa, lakini ukisugua hapo unafuta na fremu za madirisha zilizoko jirani, na bila hizo utafunikaje kioo ukapaka rangi kwa mstari ulionyooka? Kipovu kiko ndani. Hakina dawa.

Halafu uzito. Kila aliyejenga ndege yenye gurudumu la mbele anajua usipoweka uzito puani inakalia mkia. Kwa kuwa pua hii ni kioo, chubwi unazificha chini ya sakafu ya marubani na mbele ndani ya maganda ya injini, KABLA hujafunga. Karatasi ya maelekezo inataja uzito baada ya bodi (kiwiliwili cha ndege) kwisha kugundishwa, na gramu ngapi hawasemi. Nani alijaribu kuijenga kabla ya kuchapisha?

Nimewaandikia. Jibu: picha ya boksi ni kielelezo tu. Kielelezo cha nini? Tarehe mmeandika nyinyi, jina la meli mmeandika nyinyi.

Na nyie mnaopewa maboksi ya bure mkasifia "fremu safi, plastiki laini" bila kukata hata kipande kimoja kutoka kwenye hizo fremu zinazoshikilia vipande, tafadhali msije humu kunituliza. Wengine tunanunua kwa kuwasikiliza nyinyi.

Sina ugomvi na J. Ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote, 4,318, wakati B hazikuzidi 120. Chora J iliyopigana ikitokea kisiwa cha Corsica 1944, weka stika zake, hela yangu utaipata bila kinyongo. Lakini wanajua Doolittle anauza, na wanajua kalibu mpya ya bodi ni gharama, basi wakabadilisha boksi tu.

Mwenye bodi ya B kutoka seti ya zamani, hata kama haina mabawa wala magurudumu, anicheki inbox tuongee. Na kama kuna aliyefanikiwa kurudishiwa hela na hawa jamaa, aweke hapa alichowaandikia, mimi barua ya pili naituma leo.