Mtoto wa jirani hajasimama dede: tuseme au tunyamaze?

Bi Mkubwa wa Langoni
Asalaam aleikum. Nina jambo, nisaidieni kulipima. Juzi tulikuwa kwenye hina ya jirani hapa Lamu. Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kiume, ana miezi 16 na hajatembea. Mama mmoja akamwinua kwa kwapa, akamteremsha mpaka nyayo zikaribie mkeka. Mtoto akakunja miguu akabaki kama amekaa hewani, asiukanyage. Yule mama akasema kwa sauti, wanawake wote wanasikia: "Mbona mwana huyu maguu laini hivi? Ana miezi mingapi?" Basi kila mtu akaanza kumtaja wake. Wa fulani alitembea na miezi tisa, wa fulani kumi. Mkaza mwanangu akamchukua mtoto, akavaa buibui lake, akatoka. Pilau haijapakuliwa.

Tangu siku hiyo nyumba imegawanyika. Mwanangu anasema yule mama hana adabu. Bwana anasema jirani asiposema, atasema nani? Nawauliza nyinyi: ukiona mtoto wa mwenzio amechelewa kutembea, useme au unyamaze?

Nahodha wa Shela
Sema. Sema hata wakikununia mwaka mzima. Ndugu yangu alipata mtoto nyayo zimepinda, zinaangaliana. Aibu ikamshika. Mtoto akawa anatolewa nje usiku, amefunikwa leso, na kila mgeni akija anaambiwa amelala. Sote tulijua. Sote tulinyamaza kwa kuwa si vizuri kusema. Alipofikishwa kwa wataalamu alikuwa na miaka mitatu. Tukaambiwa kazi ile huanzwa wiki za mwanzo, mguu ungali laini: anatiwa plasta, inabadilishwa kila wiki, mguu unarudi mahali pake kidogo kidogo, na wengi hawahitaji upasuaji mkubwa. Miaka mitatu tulikuwa tunamsitiri ndugu yetu, na mtoto ndiye aliyelipa.

Mama Pacha, Malindi
Nahodha, pole kwa hilo, lakini mguu uliopinda unaonekana siku ya kuzaliwa. Bibi ameuliza mtoto ambaye miguu yake imenyooka, ila hajatembea. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kimeandika kutembea ni miezi 12 hadi 18. Kiko ndani ya kabati la kila mmoja wetu na hakuna anayekifungua ila siku ya sindano.

Wangu ni pacha, walizaliwa na miezi saba. Mmoja alitembea na miezi 14, mwenziwe 17. Maneno niliyoyasikia pale mtaani Barani nayajua mimi. Muuguzi ndiye aliyenitua mzigo. Alichukua kalenda ya ukutani, akahesabu kuanzia siku niliyotarajiwa kujifungua, si siku niliyojifungua, akaniambia: "Huyu wako wa 17, mimi namhesabu 15." Majirani wote waliniuliza ninawalisha nini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama walitimiza siku.

Mzee wa Pate
Mnazunguka mbuyu. Wazee wetu jambo hili walilijua. Mtoto akichelewa kutembea, amebemendwa, yaani wazazi wamekutana naye angali ananyonya. Wanawake wa siku hizi hawangoji. Arubaini haijapoa, mtoto yuko ziwani, mama ameshakuwa na tumbo jingine. Halafu mnatafuta kalenda.

Mama Pacha, Malindi
Ami, nimekuheshimu tangu nilipoanza kukusoma hapa, lakini hilo silinyamazii. "Wanawake hawangoji"? Hilo tumbo jingine analipata peke yake? Mimi mume wangu alikuwa Mombasa kikazi miezi mitano nilipokuwa nanyonyesha wale pacha, na bado mama mmoja aliniambia usoni kwamba nimewabemenda. Nililala na neno hilo usiku kucha, nikajiona mchafu kwa jambo ambalo hata halikutokea. Na lingetokea, ni halali yangu. Neno hilo moja ndilo linalofanya kina mama wafiche watoto. Nahodha anasema ndugu yake alimficha wake kwa aibu. Aibu hiyo mnaitengeneza nyinyi.

Kijana wa Mkomani
Mzee wetu, kwa heshima, uliwahi kutuambia hapa kwamba una watoto tisa. Uliwapanga vipi hata usimbemende hata mmoja? Tufundishe.

Mzee wa Pate
Ni wanane, si tisa. Na watoto wangu usiwatie hapa. Wote wanane walitembea kabla ya mwaka, muulize yeyote Pate. Mama yao na bibi yao walikuwa wakiwapeleka pwani maji yakitoka, wanachimba shimo kwenye mchanga, mtoto anasimamishwa humo mpaka magotini, mchanga unamshika. Robo saa kila siku. Miguu inakaza. Na kila jioni anasingwa mafuta. Nyinyi mmeweka watoto kwenye mikeka na simu, kisha mnanicheka.

Mama wa Mambrui
Mchanga wa mzee mimi naukubali. Hata kwetu wazee walichimba shimo la kumkalisha mtoto asianguke. Na ni kweli kwamba mtoto akizoezwa hutangulia. Niliwahi kusoma kuhusu watafiti waliokwenda kwa Wakipsigis miaka ya sabini, wakakuta watoto wao wanakaa na kutembea kama mwezi mmoja kabla ya wa Marekani, kwa sababu mama zao wanawazoeza kwa makusudi. Lakini mambo waliyokuwa hawazoezwi, kama kutambaa, hawakutangulia. Kwa hivyo Ami ana lake katika hilo. Kwa kubemenda hana.

Kijana wa Mkomani
Mwezi mmoja! Tumegombana hivi kwa mwezi mmoja?

Muuguzi Mstaafu, Mokowe
Naomba nafasi, na naomba nisomwe mpaka mwisho.

Kubemenda kwanza, maana ndiko mlikokwama. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimlegezi mtoto miguu. Ila wazee waliona kitu cha kweli, wakakipa sababu isiyo yake. Mama akishika mimba mapema, mara nyingi mtoto huachishwa ziwa ghafla, anapewa uji mtupu asubuhi na jioni. Analegea, nyayo zinavimba, nywele zinabadilika rangi, aliyekuwa akisimama anakaa chini. Hata jina la maradhi hayo, kwashakoo, limetoka kwa kabila la Waga wa pwani ya Ghana, ni maradhi ya mtoto anayempisha mwenziwe anayezaliwa. Kwa hivyo si sisi tu tulioliona. Kinga yake ni chakula chenye samaki, mayai na kunde, na kupanga uzazi. Mambo ya chumbani kwa mama hayamhusu jirani.

Sasa miezi. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo 2006. Wengi walitembea wenyewe karibu na mwaka mmoja, lakini wa mwanzo walikuwa na miezi 8 na wa mwisho karibu 18, na wote ni wazima. Miezi 18 ni siku ya kumpeleka mtoto atazamwe, na ndiyo siku hiyo hiyo ya sindano ya pili ya surua. Huna haja ya kufunga safari mbili.

Lakini msikae mkihesabu miezi peke yake. Mtoto ambaye shingo haijakaza na amepita miezi minne, aliyekakamaa kama ubao ukimvisha nguo, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka huku wa pili amekunja ngumi, hao hawangoji miezi 18. Yawezekana ni mtindio wa ubongo, na akianza mazoezi ya viungo mapema hupata mengi. Na mtoto aliyekuwa akitembea, kisha mguu ukalegea ghafla: huyo hangoji hata kesho. Mwaka 2013 polio ilirudi upande wa Dadaab, si mbali nasi.

Bi Mkubwa, ulisema alikunja miguu hewani kama amekaa. Nataka kujua: nyumbani anatambaa au anasota?

Kijana wa Mkomani
Oman wamo kwenye hesabu! Basi nusu ya Lamu tumepimwa bila kujua.

Mtu wa Faza
Nusu gani? Mkomani yenu labda. Sisi Faza hatujawahi kutafuta ujomba Oman ili mtoto atembee.

Kijana wa Mkomani
Nimetania tu nduyangu, usianze.

Fundi wa Malindi
Nina swali la pembeni. Vile vigari vya magurudumu, mtoto unamtia katikati anasukuma kwa vidole, vinasaidia? Nimenunua kimoja juzi, elfu tatu na kitu. Nilisikia Marekani vimepigwa marufuku, muuzaji akasema ni uongo.

Muuguzi Mstaafu, Mokowe
Ni Kanada, si Marekani. Walivipiga marufuku 2004. Havimfundishi mtoto kutembea. Anasukuma kwa ncha za vidole, hajifunzi kujizuia asianguke, na haoni miguu yake mwenyewe. Wengine huchelewa zaidi kwa ajili yake. Na hatari ni kubwa kuliko huko kuchelewa.

Mama wa Kashmiri
Nathibitisha. Nyumba yetu ni ya zamani, mlango una kizingiti, nje daka, chini ya daka ngazi tatu za mawe. Mpwa wangu aliteleza na kigari chake wakati mama yake anampokea mchuuzi samaki. Kikapita kizingiti kama hakipo. Tulimkuta kigari kimemfunika, kichwa ndani ya mtaro. Alishonwa juu ya jicho, na alama iko mpaka leo. Kigari alikivunja babu yake kwa shoka siku hiyo hiyo.

Fundi wa Malindi
Basi nakirudisha dukani. Nyumba yangu haina ngazi, lakini nakirudisha.

Mama wa Mambrui
Na mimi niseme jambo bila kumkosea mtu. Nyumba za mawe za Lamu, vichochoro vimebana, jua haliingii, mtoto anakaa ndani tangu azaliwe. Mifupa itakaza vipi? Jua ndilo linaloupa mwili vitamini D, na maziwa ya mama yana kidogo sana. Matege mengine yanatoka hapo.

Kijana wa Mkomani
Hapo sasa umetukosea. Nyumba zile zina miaka mia tatu, zina uwanda wa ndani na paa la kuanikia. Watu wamelelewa humo wakawa mabaharia. Nyinyi mnakaa kwenye mabati yanayowaka, mnatuonea imani?

Mama wa Mambrui
Sikusema nyumba ni mbaya. Nimesema mtoto atolewe juani.

Kijana wa Mkomani
Umesema "matege yanatoka hapo". Rudi usome ulichoandika.

Muuguzi Mstaafu, Mokowe
Mwanangu, ana haki. Nimewaona wenye matege Lamu, na nimewaona Malindi kwenye nyumba za mabati pia, mtoto anafungiwa ndani kwa kuogopa kijicho. Ukiona vifundo vya mikono vimenenepa na miguu inapinda kila akisimama, mpeleke. Na uwanda wenu wa ndani, utumieni! Mtoto awekwe humo asubuhi, miguu wazi.

Mzee wa Pate
Muuguzi, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Hilo la uji mtupu nimelielewa. Wa tano wangu aliachishwa ziwa kwa mimba ya wa sita, na kweli alilegea, alirudi kukaa wakati alikuwa ameshasimama. Mama yangu alimchukua, akamlisha mayai na ngisi mpaka akainuka. Mimi nilikuwa baharini. Niliporudi nikaambiwa alibemendwa, nikamlaumu mke wangu. Marehemu sasa.

Mama Pacha, Malindi
Ami. Mungu amrehemu.

Bi Mkubwa wa Langoni
Ahsanteni, ingawa swali langu mlilitupa baharini muda mrefu.

Muuguzi, anasota. Nilikuwa sikulitia maanani. Leo nimekaa naye kwenye mkeka tangu alasiri. Anakaa wima, mguu mmoja ameukunja chini yake, mkono wa kulia unasukuma sakafu, na anakwenda kwa makalio mpaka mlangoni kwa kasi ya ajabu. Nguo yake ya ndani imechanika upande mmoja kwa kusota. Mikono yote miwili anaitumia, alininyang'anya tasbihi kwa wa kushoto. Nikampigia shangazi yake baba, akacheka: "Kwani umesahau? Babake alisota mpaka karibu miaka miwili." Nimemzaa mimi na nimesahau.

Muuguzi Mstaafu, Mokowe
Alhamdulillahi. Wanaosota hivyo wengi huchelewa kutembea, na hurithiwa. Mkiwashika wima hukunja miguu vile vile ulivyoeleza. Bado mpelekeni atazamwe nyonga na misuli, msingoje miezi 18 kwa kuwa mna wasiwasi tayari.

Bi Mkubwa wa Langoni
Tunakwenda Jumatatu. Mkaza mwanangu amekubali. Nilimuuliza kama yule mama alimuumiza sana na maneno yake. Akaniambia: "Mama, yule alisema tu. Nilikuwa nakutazama wewe, ukawa unaangalia hina mkononi." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nataka kujua kama yule aseme au anyamaze, kumbe mnyamazaji ni mimi.

Kijana wa Mkomani
Nahodha, wewe uliyeanza kwa "sema", umepotea. Yule mtoto wa ndugu yako yu hali gani?

Nahodha wa Shela
Ana miaka 11. Plasta zilimfaa kiasi, kisha akapasuliwa mara mbili. Anatembea, anapanda hata ngazi za gati akiwa na mzigo. Ila nyayo ya kulia hukanyaga kwa ukingo, kiatu cha kulia kinakwisha kabla ya cha kushoto. Kila mwanzo wa muhula tunakwenda kununua viatu. Mtoto huingia dukani nami. Ndugu yangu hukaa nje barazani mpaka tutoke.