Tupeane uzoefu: Ulipimaje kasi, mchapuko na kuanguka kwa vitu darasani?

Mwalimu wa Jinja
Salaam wadau. Nafundisha fizikia S.2 hadi S.4 (kidato cha pili hadi cha nne) hapa Uganda. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze 2020, tunatakiwa mwanafunzi ashike kitu mkononi, si kunakili fomula tu. Kwenye mada ya mwendo, umbali hausumbui: rula ya mita ipo, na tepu ya fundi unaweza kuazima. Kinachosumbua ni muda. Ukiachia jiwe kutoka mita 5, linafika chini kwa sekunde 1 hivi, na mkono wa mtu huchelewa kubonyeza saa kwa karibu sekunde 0.2. Saa ikisoma 1.2, g (mchapuko wa kitu kinachoanguka, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde, kwa kawaida karibu 9.8) inatoka 6.9. Ikisoma 0.8, inaruka hadi 15.6. Jiwe ni lile lile, na watoto wanaanza kubishana nani kakosea wakati hakuna aliyekosea.

Naomba kila mwenye njia yake ya kuukamata muda aieleze hapa, hasa wa shule zisizo na maabara kamili.

Mama Maabara, Arua
Mwalimu, shikamoo ya kazi. Mimi natunza maabara, na kwangu tika-taima ndiyo mashine ya kuheshimu. Kinyundo chake kinagonga mkanda wa karatasi mara 50 kwa sekunde kwa sababu umeme wa gridi yetu ni hezi 50. Kila nafasi kati ya nukta mbili ni sekunde 0.02, nafasi tano ni sekunde 0.1. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Kabla ya kuning'iniza uzito wowote wa kuvuta troli (kigari kinachokokota mkanda juu ya ubao), inua upande mmoja wa ubao kidogo kidogo, usukume troli taratibu, uangalie mkanda. Nukta zikikaa kwa nafasi sawa, msuguano umeshafidiwa, ndipo uanze. Kisha wanafunzi wakate mkanda vipande vya nafasi tano tano na kuvibandika wima kwenye karatasi kimoja kando ya kingine. Vinapanda kama ngazi, na hiyo ngazi yenyewe ni grafu ya kasi na muda. Nimeona mtoto aliyekuwa amenyamaza muhula mzima akiweka kidole juu ya vile vipande na kusema, "Kumbe mchapuko ni huu, kila kimoja kinazidi kwa kiasi kile kile." Mimi siku hiyo nilifunga maabara nikiwa na furaha.

Tahadhari kwa wenye sola: usiunganishe betri moja kwa moja. Umeme wa betri haugeuki mwelekeo, kinyundo kinavutwa mara moja na kukaa pale pale.

Kijana wa Mbale
Sisi hatukuwa na tika-taima wala umeme. Mwalimu wetu alileta reli ya pazia ya alumini na gololi, akaiinamisha reli kidogo tu, akamwita mwenzetu anayepiga ngoma kanisani. Kazi yake ilikuwa kupiga pigo moja moja bila kuyumba. Gololi inaachiwa kwenye pigo, na sisi tunaweka alama ya chaki pale ilipo kwenye kila pigo linalofuata. Tukarudia mpaka alama zikatulia mahali pamoja.

Kupima sasa: kipande cha kwanza kikiwa 1, cha pili karibu 3, cha tatu karibu 5, cha nne karibu 7. Galileo aliupata uwiano huo huo zaidi ya miaka 400 iliyopita, naye akitumia mteremko ili mwendo upungue kasi aweze kuufuatilia. Muda alikuwa akiupima kwa maji yanayochuruzika, anayapima uzito. Hatukuhitaji kujua pigo moja ni sekunde ngapi, ilimradi mapigo yalingane.

Mwalimu wa Jinja
Kaka wa Mbale, hiyo ya ngoma naichukua. Niongeze jambo kwa walimu: msitafute g kwenye gololi kwa kugawa tu mchapuko wake na sine ya pembe ya reli. Sehemu ya nguvu inaliwa na kule kuzunguka, kwa hiyo mchapuko unatoka mdogo kuliko wa kitu kinachoteleza bila msuguano. Kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7 haina shida yoyote.

Binti wa Masaka, S.6
Shikamooni walimu. Mimi naitetea pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi. Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi, ukihesabu mizunguko 20 unapata sekunde 40. Ile 0.2 ya mkono haina nguvu tena. Pembe iwe ndogo, chini ya digrii 10. Unabadilisha urefu, unachora muda mraba dhidi ya urefu, unachukua mteremko wa mstari.

Kwa mteremko huo nilipata g ya 9.77. Wenzangu wakaniambia nirekebishe namba zifike 9.81 kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi ya mtihani wa UACE, ule wa kumaliza S.6. Nilikataa. Je, nilifanya sawa?

Mwalimu wa Jinja
Ulifanya sawa kabisa, mwanangu. Mstari wa Ikweta unapita Kayabwe, kabla hujafika kwenu ukitoka Kampala. Dunia imetuna katikati na inazunguka, kwa hiyo Ikweta g ni takriban 9.78 usawa wa bahari, na kwenye ncha inafika 9.83. Sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu, inapungua chembe tena. 9.81 ni ya watu wa London huko. Anayebadilisha vipimo vyake ili vifanane na kitabu anatupa kitu cha thamani, nami hilo linaniuma kila ninaposahihisha.

Fundi Simu, Kampala
Kwa wenye simu ya mwalimu: programu ya phyphox ni ya bure na ina saa inayoendeshwa na sauti. Ning'iniza kitu kizito chini ya puto, mita 1.5 juu ya bati. Toboa puto kwa sindano: mlio wa kwanza unawasha saa, kishindo kwenye bati kinaizima. Inatakiwa isome karibu 0.55. Simu iwekwe katikati ya kimo ili sauti zote mbili zisafiri umbali sawa, na darasa linyamaze kabisa.

Kijana wa Mbale
Mama Maabara, shule yetu imepata jenereta ndogo ya petroli. Tika-taima itafanya kazi?

Mama Maabara, Arua
Itafanya, lakini jenereta isiwashiwe vitu vingine kwa wakati huo. Ikielemewa, hezi zinashuka chini ya 50, nukta zinaachana zaidi, na mtoto akihesabu 0.02 atapata kasi kubwa kuliko ya kweli. Kama una mita yenye kipimo cha hezi, soma kwanza, ndipo muanze kuvuta mkanda.