Naomba ushauri: mashemeji wanataka kuuza nyumba ya marehemu, je mawakili wa ushirika wa Wakristo wanasaidia bure?

MwanaChamazi
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Mume wa dada yangu alifariki mwaka jana, hakuacha wosia. Kaacha nyumba moja huku Chamazi na vyumba vya uani wanavyopangisha, na watoto watatu, wa mwisho yupo la pili. Ndoa ilifungwa kanisani, marehemu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Baada ya msiba upande wa mume wakaita kikao cha ukoo, dada akaitwa akakaa pembeni kama mgeni, wakamchagua kaka mkubwa wa marehemu awe msimamizi halafu wakamletea muhtasari asaini, akagoma. Juzi kaja dalali na mteja, anapima sebule kwa hatua huku anahesabu kwa sauti, dada yuko jikoni anamenya viazi anamsikia!!

Tulienda kwa wakili mmoja mjini akatuambia milioni moja na nusu ya kuanzia, na dada ni mama lishe tu. Sasa mchungaji wao kasema kuna ushirika wa mawakili Wakristo, wenyewe wanaita feloshipu, huwa wanakutana kusali na wengine wanasaidia watu. Swali langu, hao jamaa wanafanya kazi bure kweli au ni kusaliana tu wao kwa wao? Na kama sio hao, mtu wa kipato cha chini anaanzia wapi? Wenye uzoefu naombeni msaada, wa kejeli mpite kushoto.

Mlokole Asilia
Kwanza pole kwa msiba. Ila 1 Wakorintho 6 inasemaje kuhusu waamini kupelekana mahakamani? Wakae na mchungaji wayamalize.

Binti Pangani
@Mlokole Asilia mchungaji anaweza kutoa barua ya usimamizi wa mirathi? Hawezi. Benki watamsikiliza? Hawatamsikiliza. Mirathi lazima ipite mahakamani hata kama ukoo mzima mnapendana na mnakula sahani moja, sio kesi ya ugomvi ile, ni utaratibu. Tusimchanganye mwenzetu.

Karani Mstaafu
Mleta mada tulia usome, nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi haya mambo nayajua.

Kikao cha ukoo hakimpi mtu mamlaka ya kuuza chochote. Kinapendekeza jina tu, anayeteua msimamizi ni mahakama. Mpaka huyo kaka mtu awe na barua ya usimamizi mkononi, dalali anayepima sebule anapoteza muda wake, na mteja akilipa kanunua kesi. Hata akiteuliwa haiwi mali yake, anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi. Kwa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kurudisha fomu namba tano ya orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, halafu namba sita ya hesabu kwa vipindi mahakama itakavyopanga, na akifanya ujanja warithi wanaomba uteuzi utenguliwe.

Sasa sikiliza kwa nini wana haraka. Kwa sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963, tangazo la serikali namba 436, mjane hana fungu kama marehemu kaacha ndugu wa ukoo wake, anaambiwa atatunzwa na watoto wake. Lakini kama marehemu aliishi maisha ya Kikristo, ndoa ya kanisa, hakuwa mtu wa matambiko, kuna hoja kubwa kwamba mirathi yake iende kwa ile sheria ya urithi ya India ya 1865 ambayo mpaka leo tunaitumia, na pale mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili, kaka wa marehemu hana kitu!! Umeona tofauti? Kwa hiyo ugomvi wa kwanza sio nyumba, ni sheria gani itumike. Na Mahakama ya Mwanzo kwenye mirathi msingi wake ni mila au dini ya Kiislamu, ndio maana wakifungua pale kimya kimya wanakuwa wameshachagua sheria kwa niaba yenu. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, sio jina lake la ubatizo peke yake, kwa hiyo huo uzee wa kanisa muwe na ushahidi wake.

Cha kufanya kesho asubuhi, dada aende akaulize kama shauri limeshafunguliwa, asome na matangazo ya mirathi kwenye ubao wa mahakama. Akilikuta anaandika pingamizi. Hilo halihitaji milioni na nusu.

MwanaChamazi
Mkuu Karani Mungu akubariki, hili la 1963 sijawahi kulisikia. Ndio maana walikuwa wanasisitiza kwenye muhtasari iandikwe "kwa mujibu wa mila zetu", tukaona ni heshima tu kwa wazee.

Karani Mstaafu
Hahaha heshima gani. Vizuri hakusaini.

Wakili Kijana
Mimi ni wakili na nasali na hao wenzangu, ngoja niseme ukweli kidogo maana watu wanakuja na matarajio makubwa halafu wanaondoka wamekwazika.

Ushirika wa wanasheria Wakristo sio ofisi ya uwakili. Ni watu wanakutana kusali, kusoma neno, kushikana mikono kwenye maadili ya kazi (rushwa kwenye hii taaluma mnaijua), kuwalea wanafunzi wa sheria. Kesi inabebwa na wakili mmoja mmoja kwa ofisi yake. Wapo wanaochukua mashauri kadhaa bila malipo kwa mwaka, hasa wajane na watoto, lakini wakili mlokole naye analipa kodi ya pango na mshahara wa katibu muhtasi, usimwendee kama vile wokovu ni vocha ya punguzo. Mwambie mapema uwezo wenu ni huu. Mara nyingi utakachopata ni mazungumzo ya saa moja bila malipo, kuandikiwa hati ya pingamizi, na kupelekwa kwa mtu sahihi, na mara nyingi hicho kinatosha kabisa. Mkikubaliana ada iandikwe, na lipeni kwa risiti, hata kama mmefunga kwa maombi.

Na kabla hujampa mtu hela, jina lake liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Hii nasema hasa kwa watu wa kanisani kwa sababu vishoka, yaani mawakili feki, siku hizi wanajua kusema bwana asifiwe kuliko mimi.

Mama Watatu Temeke
Dada angu wala usihangaike kwenda mbali, si upo Chamazi? Hapo hapo wilaya ya Temeke kuna Kituo Jumuishi, kilianza 2021, ni cha mirathi na mambo ya familia tu, ndani ya jengo moja una Mwanzo, una Wilaya, una Mahakama Kuu. Mimi nilifuatilia ya baba pale, na watu wa msaada wa kisheria nimewakuta pale pale wanakuelekeza. Nenda asubuhi mapema na maji ya kunywa, na kopi za kutosha, stationari za jirani zinachinja.

Binti Pangani
Niongezee. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hiyo inasema mtoa msaada aliyesajiliwa haruhusiwi kukutoza. Kwa Dar kuna TAWLA ambao ni chama cha wanasheria wanawake, kuna WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, hao wajane ndio kazi yao kabisa, kuna LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu, wapo tangu 1995. Wanafunzi na walimu wa sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao wana kamati yao ya msaada. Utaulizwa kipato chako, usione aibu, sema ukweli.

Mtaani kuna wasaidizi wa kisheria, hawa sio mawakili, hawawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako ila wanakuandikia barua na wanakusindikiza. Akikuomba hela ya "kufungua faili" mkimbie. Ukishindwa kuwapata muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na hata ada za mahakama kuna kuomba kusamehewe kama huna uwezo, watu hawaombi tu.

Jirani wa Tudor
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu kuna Kenya Christian Lawyers Fellowship, na alivyosema Wakili Kijana ndivyo hivyo hivyo, ukitaka mtu wa kukushikia kesi bila pesa utaelekezwa Kituo cha Sheria, wako tangu 1973, au ile huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoletwa na sheria ya 2016. Mawakili wa maombi wanakupa njia na moyo. Poleni sana kwa msiba.

Mlokole Asilia
Sawa nimeelewa, sikujua mirathi lazima mahakama. Ila mchungaji awaite hao mashemeji pia, si nao wanasali?

Karani Mstaafu
Hapo uko sahihi, awaite. Lakini pingamizi litangulie, maongezi yafuate nyuma.

Wakili Kijana
@MwanaChamazi kingine, dada kama alichangia ujenzi aanze kukusanya vithibitisho sasa hivi, mkopo wa vikoba, risiti za mabati, fundi aliyelipwa na yeye. Sehemu yake kama mwenye mali inatenganishwa na urithi kwanza, wengi wanasahau hilo wanaanza kugombania theluthi. Mkataba wa kununulia kiwanja upo kwa nani?

MwanaChamazi
Mkataba upo kwake, aliuficha kwa jirani tangu msibani, na jina lake lipo kama shahidi. Cheti cha kifo kutoka RITA, wale wakala wa usajili wa serikali, tunacho. Shida ni cheti cha ndoa, hakionekani, tunahisi kiliondoka na begi la marehemu. Jumatatu naenda nae Temeke. Bila cheti cha ndoa watatusikiliza?

Mama Watatu Temeke
Nendeni hivyo hivyo, msisubiri cheti. Ila kabla ya Jumatatu pitieni kanisa walilofungia ndoa, kuna rejista pale na sahihi zao wote, muombe katibu wa kanisa awape barua na nakala, na RITA nao wanatunza kumbukumbu za ndoa. Mashahidi wa ndoa wapo hai?

MwanaChamazi
Bestimani yupo, anakaa Mbande. Namfuata kesho.