Tommy ana Cushing: trilostani, mitotani, ketokonazoli, au tumwache bila dawa?

Mama Tommy (Lanet, Nakuru)

Habari zenu wadau. Mbwa wetu Tommy, mchanganyiko wa dachshund na kienyeji, umri miaka 10, kilo 11, amepatikana na ugonjwa wa Cushing, yaani mwili unakuwa na homoni ya kotisoli kupita kiasi. Daktari ametupa wiki hii tuamue matibabu, na kusema kweli kila njia ina uzito wake.

Dalili zilianza na maji. Bakuli lililokuwa likimtosha kutwa nzima sasa linakauka kabla ya saa nne asubuhi, na usiku anatuamsha atoke kukojoa. Chakula hakimtoshi, hata chungu cha kuku akikisikia harufu anakikeshea. Tumbo limening'inia, manyoya ya mbavuni yamenyonyoka pande zote mbili sawasawa, na anahema hata usiku wa baridi ya Julai.

Damu ilionyesha kimeng'enya cha ini kiitwacho ALP kiko juu sana, na mkojo ni mwepesi kupita kiasi. Kisha akafanyiwa kipimo cha deksamethasoni, steroidi yaani dawa inayofanana na kotisoli: damu asubuhi, sindano ndogo, damu tena baada ya muda wa saa nne na wa saa nane. Kotisoli ilishuka chini ya nusu kwenye damu ya pili, halafu ikapanda tena kwenye ya tatu. Daktari anasema hiyo inaelekeza kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, wala si tezi za adrenali zilizo karibu na figo. Ultrasaundi bado.

Trilostani ni ghali na inaagizwa Nairobi. Mitotani nimeambiwa ni kali. Ketokonazoli iko hata kwenye kemisti hapa mtaani. Mume wangu anauliza kama ni haki kumsumbua mbwa wa umri huu. Naomba maoni ya walioyapitia, hasa ninyi wa huku tusio karibu na kliniki kubwa.


Nyar Dunga (Kisumu)

Pole sana Mama Tommy. Mbwa wangu jike, terrier, yuko kwenye trilostani mwaka wa tatu huu, kwa hiyo nitasema ninayoyajua kutoka jikoni kwangu.

Kitu cha kwanza kubadilika ni maji na kukojoa. Ndani ya wiki chache za mwanzo tulianza kulala. Kuhema kukapungua, na ule ukali wa njaa ukaisha. Manyoya usiyasubiri upesi, yalichukua miezi, na mwanzoni yaliota ya rangi tofauti kidogo. Tumbo limepungua ila halijarudi kama la ujana.

Gharama ambayo watu hawaihesabu ni ya vipimo. Baada ya siku 10 hadi 14 daktari anataka kipimo cha ACTH (anadungwa homoni inayoziamsha adrenali, kisha kotisoli inapimwa), kisha kama mwezi mmoja, kisha kila miezi mitatu au zaidi akishatulia, na kila dozi ikibadilishwa unaanza tena. Kipimo hicho lazima kifanywe muda wa saa nne hadi sita baada ya kumeza kapsuli. Ndiyo maana kapsuli hutolewa asubuhi, pamoja na chakula. Akimeza tumbo likiwa tupu dawa haiingii vizuri mwilini, na kipimo kinakudanganya. Mimi humpa na kipande cha ugali kilicholowekwa mchuzi wa omena, namtazama mpaka ameze.

Usingoje dawa iishe ndipo uagize. Agiza ya mwezi unaofuata ukiwa bado na ya wiki mbili, hasa kabla ya Krismasi na Pasaka.


Mzee wa Njoro

Kabla hamjanunua chochote, kumbukeni sindano zote alizodungwa Tommy. Mbwa wangu wa ulinzi, German shepherd, alikuwa na kila dalili uliyoandika. Kila msimu wa mvua alikuwa na mwasho, na mhudumu aliyekuwa akija nyumbani alimdunga kitu kilichomtuliza siku ileile. Hatukuambiwa kuwa ni deksamethasoni. Tumbo likashuka, manyoya yakaisha mgongoni, miguu ya nyuma ikakonda hadi kupanda kwenye pikapu ikawa shida. Daktari mwingine ndiye aliyeomba kuona chupa za dawa zote alizowahi kupewa, akazipanga mezani na kusoma lebo moja moja. Steroidi ilikuwa imeingia kutoka nje kwa muda mrefu hadi tezi zake zenyewe zikalala.

Yeye hakuhitaji trilostani hata kidogo. Alipewa prednisoloni, nayo ni steroidi, iliyopunguzwa polepole, kwa sababu kukata ghafla kungemwangusha. Leo manyoya yamejaa. Uliza pia kuhusu matone ya masikio na krimu za ngozi, nyingi zina steroidi.


Daktari Mstaafu (Kakamega)

Mzee wa Njoro amegusa jambo zito, na ningependa kila mfugaji wa mbwa alisome. Lakini kwa Tommy vipimo vinalikataa. Mbwa ambaye tezi zake zimelazwa na sindano huwa na kotisoli ya chini tangu damu ya kwanza, na kinachomfichua ni kipimo cha ACTH, si cha deksamethasoni. Yule wa Mama Tommy ana kotisoli nyingi, ikashuka, ikakataa kubaki chini. Hiyo ni pituitari, na mbwa kama 8 kati ya 10 wenye Cushing ya asili wako kundi hilo. Kwa kawaida ni kivimbe kidogo kisicho saratani, kinachozichochea adrenali bila kupumzika.

Hata hivyo, ultrasaundi msiiache kama mnaimudu. Ikionyesha adrenali zote mbili zimenenepa, mna uhakika zaidi. Ikionyesha moja kubwa na nyingine imesinyaa, mazungumzo yanabadilika kabisa, kwa sababu uvimbe wa adrenali karibu nusu yake ni saratani na upasuaji unaingia kwenye hesabu. Inaonyesha pia mawe ya kibofu na kifuko cha nyongo, ambavyo mbwa hawa husumbuliwa navyo.

Sasa dawa. Trilostani inazuia kimeng'enya ambacho adrenali hukitumia kutengeneza kotisoli. Ukiacha kumpa, mara nyingi tezi inarudi kazini, na hapo ndipo usalama wake ulipo, ingawa kuna mbwa wachache ambao tezi hufa wakiwa kwenye dawa hii. Mitotani inaua sehemu ya tezi yenyewe. Unaanza na dozi ya kila siku kwa takriban wiki moja, ukimchunga kila mlo: siku anapokula kwa kusita au maji yanapopungua ghafla, unasimama na kumpigia daktari, kisha unaingia dozi ya kila wiki. Prednisoloni lazima iwe ndani ya nyumba kabla ya kapsuli ya kwanza. Nimeitumia miaka mingi kabla trilostani haijafika, na inafanya kazi. Tafiti zilizolinganisha umri wa kuishi hazionyeshi pengo kubwa, mbwa wa pituitari huishi kwa wastani karibu miaka miwili au zaidi kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili. Lakini mitotani inataka mtu mmoja anayemjua mbwa awe nyumbani siku zote za mwanzo. Nyumba ambayo wote wanatoka alfajiri, siwezi kuipendekezea.

Kwa kilo 11, siku hizi wengi wetu tunaanza trilostani kwa miligramu 10 asubuhi na 10 jioni, au 20 mara moja, kisha tunapanda taratibu. Kapsuli za Vetoryl, jina la biashara la trilostani, zipo za miligramu 5, 10 na 30, kwa hiyo hakuna haja ya kufungua kapsuli na kugawa unga. Msifanye hivyo kamwe.


Mama Tommy

Asante sana Daktari, na Mzee pia. Nimepekua kadi yake yote, ni chanjo na dawa za minyoo tu.

Nina maswali mawili. Ketokonazoli mbona hamuigusi? Na kaka yangu aliye Marekani ametaja dawa nyingine, selejilini.


Daktari Mstaafu

Ketokonazoli ni dawa ya kuvu ambayo kwa dozi kubwa inapunguza utengenezaji wa kotisoli. Kuna mbwa inaowasaidia na kuna wengi isiowasaidia, na inatapisha na kuumiza ini. Hiyo ALP ya Tommy kwa sehemu kubwa imepandishwa na kotisoli yenyewe, haimaanishi ini limeharibika, lakini ukimwekea ketokonazoli utashindwa kujua kinachopanda ni nini. Kwangu ni dawa ya mtu aliyekosa zile mbili. Kuwa nafuu kwenye kemisti hakuondoi vipimo vya ini kila baada ya muda, ukijumlisha utaona tofauti inayeyuka.

Selejilini imeidhinishwa Marekani kwa Cushing ya pituitari isiyo na matatizo mengine, lakini mbwa wanaonufaika waziwazi ni wachache. Upasuaji wa kutoa pituitari upo, kwa mfano Utrecht kule Uholanzi, ila kwa mfugaji wa hapa hilo si chaguo.


Baba Rex (Bungoma)

Mimi nitasema upande ambao haujasemwa. Rex alikuwa na miaka 14 alipopimwa. Alikuwa anakunywa maji zaidi na manyoya yamepungua, basi. Alicheza, alilala vizuri, alikula. Daktari wetu alisema tunaweza kusubiri, tukasubiri. Tulimwachia maji wakati wote, tukahamisha kitanda chake karibu na mlango wa nyuma, tukampima mkojo na presha mara kwa mara. Aliishi zaidi ya mwaka kwa raha, na kilichomwondoa ni moyo. Sijutii.


Nyar Dunga

Baba Rex, pole kwa Rex. Lakini nisiposema nitakuwa nimemnyima Mama Tommy kitu. Tommy si Rex. Ana miaka 10, anahema usiku, haachi watu kulala, na yeye mwenyewe halali. Mbwa anayehema usiku kucha anateseka hata kama mkia unatingishika mchana. Jirani yangu Milimani alisubiri hivyo hivyo, ngozi ya mbwa wake ikawa nyembamba hadi inachanika akijikuna, kisha kisukari kikaingia, na insulini haikushika kwa sababu kotisoli ilikuwa inapigana nayo.


Baba Rex

Sijasema Tommy aachwe. Nimesema umri na dalili ndivyo viamue, si jina la ugonjwa.


Daktari Mstaafu

Nyote wawili mko sawa, na katika hili Baba Rex amesema kanuni tunayoifuata: tunatibu dalili, hatutibu namba ya maabara. Mbwa mwenye dalili hafifu anaweza kusubiri akichungwa. Ila presha ikiwa juu, au protini inatoka kwenye mkojo, au sukari inapanda, kusubiri kunaisha. Mama Tommy, vipimo hivyo vitatu vifanywe kabla hamjaamua. Kwa ninavyosoma dalili zake, mimi ningemtibu.


Nyar Dunga

Kuna jambo moja ambalo nataka lijulikane na kila mtu nyumbani kwako, hata mfanyakazi na watoto.

Mwaka wa kwanza, asubuhi moja wangu alinusa chakula akageuza kichwa. Mbwa huyu ambaye ungemkuta na sufuria kichwani! Mchana akatapika, akalala sakafuni miguu imelegea, fizi zimepauka. Sikumpa kapsuli ya siku hiyo, nikamkimbiza kwa daktari kwa Probox ya kukodi. Damu ilionyesha potasiamu juu, sodiamu chini: homoni za adrenali zilikuwa zimeshuka kupita kiasi. Aliwekewa maji ya mshipa na sindano ya steroidi, jioni akainua kichwa na kulamba mkono wangu. Tulikaa bila trilostani hadi kipimo kikaruhusu, tukarudi kwa dozi ya chini, na tangu hapo hajaanguka tena.

Kwa mbwa wa Cushing, kukataa chakula ni dharura. Usiseme "atakula kesho". Simamisha dawa, piga simu. Namba ya daktari imebandikwa kwenye friji yangu, na chini yake nimeandika hayo maneno mawili: simamisha, piga.


Mama Tommy

Nimesoma kwa sauti na mume wangu amesikiliza yote. Tumekubaliana: ultrasaundi kwanza, presha na mkojo siku hiyohiyo, na kama picha inaafikiana na kipimo tunaanza trilostani kwa dozi ndogo. Swali langu lililobaki ni la vipimo vya baadaye. Je, kotisoli lazima ipelekwe Nairobi kila mara?


Daktari Mstaafu

Si lazima. Kotisoli ya mbwa na ya binadamu ni molekuli moja, kwa hiyo maabara nyingi za binadamu zinaweza kuipima. Ila viwango vya mbwa viko chini, na si kila mashine inasoma vizuri huko chini, kwa hiyo daktari wako aulize maabara mapema. Mkishachagua moja, kaeni na hiyohiyo, msilinganishe namba za mashine mbili. Kinachoadimika zaidi ni ile sindano ya ACTH, iagizwe kabla ya siku ya miadi. Ikikosekana, baadhi ya madaktari hupima kotisoli kabla tu ya kapsuli ya asubuhi na kuisoma pamoja na dalili. Andika kila siku kiasi cha maji anachokunywa, kwa mililita. Ukileta daftari hilo, daktari anaamua dozi vizuri zaidi.


Kijana wa Mumias

Samahani kuingilia. Mbwa wa mama anaanza trilostani wiki ijayo, na anayemlisha kila siku ni mke wangu, ana mimba ya miezi minne. Kuna shida?


Daktari Mstaafu

Ipo. Trilostani inagusa homoni zinazoshikilia mimba, kwa hiyo mjamzito au anayetarajia mimba asiishike kabisa. Wewe au mama mpeni kapsuli, nawa mikono baadaye, na hata wewe usiifungue. Kama siku moja hamtakuwepo nyote wawili, ni afadhali akose dozi hiyo moja kuliko mkeo aishike, na dozi inayofuata isiongezwe kufidia. Mitotani ndiyo kabisa, hiyo hata mwanamume huishika kwa glavu.